Kasa wa Tarifa

Mama Rukia,

Salamu zikufikie hapo ulipo, na Mungu akupe nafasi pana na mwanga. Nakuandikia mezani pa jikoni, hapa Edmonton, London, nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani ambacho hukutaka mtu akikalie. Nimekikalia makusudi, nione kama utakuja kuninyanyua.

Hatujambo. Jirani wa chini bado anafungulia nyimbo zake za kanisa Jumapili asubuhi, na mimi bado nagonga sakafu kwa mpini wa ufagio, ila siku hizi nagonga polepole kwa sababu hata yeye alikulilia. Rukia huja Jumamosi na vyakula kwenye vikopo vya plastiki, anavipanga kwenye friji kwa majina ya siku, utadhani baba yake hajui Jumanne ni ipi. Anajaribu samaki wako wa kupaka. Hampati. Namwambia mtamu, nakula mpaka mwisho.

Kilichobadilika ni hodi. Wewe na mimi tuliishi kwenye flati hii miaka yote ile, na anayerudi alipiga hodi hata kama ufunguo anao mkononi. Watu wa hapa wana kengele mlangoni. Sisi tulikuwa na midomo. Ukitoka zamu ya usiku hospitali, viatu umevivua kwenye ngazi, nasikia "Hodi wenyewe," na mimi kitandani najibu "Karibu." Nikitoka kuendesha basi nasema hodi, unanijibu ukiwa jikoni. Hata tukiwa tumegombana. Ile wiki uliyoninunia kwa sababu ya mjomba wangu, ulinijibu "Karibu" kwa sauti ya mtu anayepasua kuni, lakini ulijibu.

Siku tuliyotoka kukuzika nilifungua mlango, mdomo ukaenda wenyewe, nikasema hodi. Rukia alikuwa nyuma yangu, akainamisha kichwa. Nyumba ikakaa kimya. Tangu siku ile nikawa naingia kwangu kama mwizi, bila kusema neno.

Lakini sikukaa hapa ili nikulilie. Najua unachongoja. Unangoja habari za kasa.

Unakumbuka yalivyoanza? Mimi siku hizi nayakumbuka hata nikiwa kwenye usukani, taa zikiwa nyekundu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, paspoti zetu za huku zilikuwa bado zinanukia upya. Baada ya foleni zile zote za ofisi ya uhamiaji Croydon ulisema unataka kwenda mahali ambapo hakuna atakayekuuliza umekuja kufanya nini. Tikiti za Mombasa zilikuwa hazishikiki. Ukaona kwenye dirisha la duka la wauza safari picha ya mji mweupe wa Uhispania, pembeni ya bahari, chini yake limeandikwa jina: Tarifa. Ukacheka peke yako barabarani mpaka watu wakakutazama. "Mji unaitwa Taarifa. Twende tukasikie ni taarifa gani."

Tukamwacha Rukia kwa dada yako Peckham, tukaenda. Ndege mpaka Malaga, halafu basi, halafu basi jingine, na mimi dereva nimekaa nyuma nikikosoa kila kona. Tukaingia kwa lango la ukuta wa zamani, ukasimama. Vichochoro vyembamba, nyumba nyeupe zilizogusana mabega, milango mizito ya mbao, akina mama wamekaa nje kwenye viti wakiwatazama wapita njia bila aibu. Ukaniambia, "Baba Rukia, mtu ametuhamishia Mji wa Kale." Kisha tukaiona ngome, tukaambiwa waliijenga Waarabu. Kwetu Mombasa ngome walijenga watu wa pande hizi, na huku kwao walijenga Waarabu. Ukasema ngoma droo.

Siku ya pili ulikuwa tayari umejua kwamba "se vende" maana yake kinauzwa, kwa sababu uliona yameandikwa kwenye kioo cha gari kuukuu. Ulijivunia sana hayo maneno mawili. Basi tukapita kwenye kile kichochoro cha nyuma ya kanisa, ukainua macho, kwenye roshani pamening'inia kibao: Se vende casa. Ukanishika mkono. "Wanauza kasa."

Nikakwambia haiwezekani. Ukasema kwa nini isiwezekane, hapa si pwani, na watu wa pwani wote si wanakula kasa. Ukanikumbusha nyama ya kasa aliyokuwa akiipika bibi yako ulipokuwa mdogo, na harufu ya ule mchuzi uliokuwa hujauonja tena tangu uvuke bahari. Mate yalikuwa yamekutoka, usikatae. Mlango ulikuwa wazi. Ukasimama kizingitini, ukapaza sauti, "Hodi."

Hapo mimi nilitaka ardhi ipasuke. Hodi, Uhispania! Nikakuvuta kanga, ukanipiga kwenye mkono. "Nyumba ya watu haiingiwi kimya," ukasema, ukapiga ya pili.

Akatoka Remedios. Bibi mfupi, nguo nyeusi, macho makali. Ukamwonyesha kibao, ukasema "kasa," akaitikia kwa kichwa, ndiyo, casa. Ukasema tena kasa, na safari hii ukamwonyesha kwa mikono, unapiga makasia taratibu, shingo umeitoa mbele. Akakutazama sana. Halafu akachukua mtandio wake, akakushika mkono, akatupeleka kichochoro kwa kichochoro mpaka ufuoni, akakuonyesha maji kwa kidole, akarudi zake. Masikini, alidhani unatafuta mahali pa kuogelea.

Ni yule mhudumu wa mgahawa wa ufuoni, aliyejua Kiingereza kidogo, aliyetwambia casa ni nyumba. Ulicheka mpaka ukakaa mchangani na viatu vyako. Halafu ukatazama ng'ambo, milima ya Moroko imesimama pale karibu kabisa, ya buluu. Ukasema, "Lakini si kosa kubwa sana. Kasa anatembea na nyumba yake mgongoni. Sisi ya kwetu tumeiacha wapi?" Nikamwita mhudumu. Nilikuwa na njaa.

Tangu siku ile nyumba kwetu ikawa kasa. Tena ulimpa ngeli ya kiumbe, "kasa wetu," "kasa yule," kama kitu chenye roho.

Kesho yake ulirudi kumwomba radhi na kipande cha halua uliyoitoa London kwenye mkoba, maana hukuwahi kusafiri bila halua. Ulipiga hodi tena. Remedios akauliza hilo neno ni nini, na kwa sababu kwao herufi ya h hailii, akasema "odi." Kwa mikono na maneno kumi ya kuokoteza ukamweleza kwamba mgeni husema hili, na mwenyewe hujibu karibu, na asipojibu, mgeni hupiga mara tatu, basi, anakwenda zake bila kinyongo. Na kwamba kama mwenyewe yuko mbali au miguu imemwuma, aendelee kuitikia karibu, karibu, mpaka afike mlangoni, asimwache mgeni kwenye kimya. Remedios alilipenda hilo. Alikufanya utoke nje uingie tena, kama watoto wanaocheza, na yeye anaitikia kwa ile r yake ya kukokota: "Karrribu."

Tukawa tunarudi kila mwaka. Rukia alikua, akachoka kuja nasi, pesa zao za peseta zikafutwa ikaja yuro, na kibao kikabaki palepale, maandishi yanafifia. Wanunuzi walikuja. Remedios alitusimulia: wanaingia mpaka chumba cha kulala na futi zao za chuma kabla hata ya kumwamkia, wanajadili ukuta gani utabomolewa naye amesimama hapo. Anawaambia imeshauzwa. Wakitoka, kibao kinabaki.

Na wewe kila mwaka ulikaa kwenye ule ua wa ndani, karibu na kisima kilichofunikwa kwa mbao, ukijifunza Kihispania chake naye akijifunza Kiswahili chako, hakuna aliyefika mbali. Mchana upepo wa mashariki ukivuma, ule wanaouita levante, mji mzima unafunga madirisha, na nyinyi wawili mnalala kwenye viti chini ya zile kuta nene, midomo wazi. Nilikuwa nawapita kwa vidole vya miguu. Sasa nikifumba macho naona hivyo tu: ua, kivuli, mtandio wako umeteleza, mwanga unatembea ukutani pole pole kama hauna mahali pa kwenda.

Jioni tulipanda juu, kwenye lile paa bapa la kukalia. Ukanionyesha Afrika kwa kidevu. Nikakwambia ile ni Moroko, Mombasa bado sana. Ukanijibu, "Sana, lakini ni nchi kavu. Ukianza kutembea kutoka pale, maji ya kukuzuia ni ya Makupa tu, na Makupa kuna daraja." Nilikucheka. Wallahi, siku hizi kabla ya kulala naitembea hiyo njia. Naanza kwenye ile milima ya buluu, na sijawahi kufika mbali, usingizi unanichukua kwenye mchanga.

Mimi nilikuwa sitaki tumnunue kasa yule, hilo unalijua. Nilitaka kiwanja Mtwapa, mtu mwenye akili hujenga kwao. Ulisema Mtwapa tutakuwa wageni kutoka Ulaya, kila mtu atakuja na shida yake, na London ni baridi, na pale katikati, kwa Remedios, hakuna anayetudai kuwa mtu fulani. "Nataka mlango wangu mwenyewe, ulio chini kabisa mtaani, mtu akipita anipigie hodi." Hicho tu ndicho ulichotaka, baada ya miaka ya ngazi na kengele. Nikabisha, nikabisha, mwisho nikachoka kubisha na kuanza kuota pamoja nawe.

Kiangazi cha mwaka jana Remedios alikushika mkono kwenye ua akasema magoti yake hayataki tena ngazi, atahamia kwa mpwa wake, nyumba ya mkabala, na kasa ni wako. Tutaandikishana kwa wakili majira ya machipuko. Tulirudi Edmonton ukaanza kujaza kasha chini ya kitanda. Mapazia. Buli. Mbuzi ya kukunia nazi. Nikakuuliza nazi utatoa wapi kule, ukasema mbuzi atangulie, nazi zitafuata.

Kisha ile asubuhi ya Februari ukakaa ukingoni mwa kitanda kuvaa viatu vya kazi. Ulivaa kimoja.

Sitaandika zaidi hapo.

Rukia alisema tuachane na ile nyumba. Hakusema kwa ubaya, mtoto wa watu, alishika mkono wangu akasema, "Dad, what would you do there on your own?" Nyumba ilikuwa yako, Kihispania kilikuwa chako, rafiki alikuwa wako. Mimi nilikuwa mbeba mizigo. Nikakata shauri niende nimwambie Remedios uso kwa uso, maana jambo la namna ile halisemwi kwa simu, tena kwa lugha nisiyoijua. Mwenye duka la halua Peckham alinipa halua nzima bure aliposikia ninakokwenda na kwa nini. Ndani ya ndege nikafanya mazoezi ya sentensi moja niliyoitoa kwenye kitabu chako cha Kihispania: mke wangu amefariki, hatutanunua. Kwa hiyo nilikwenda Tarifa kupeleka taarifa. Ningekuwa nawe ungecheka.

Siku hiyo levante ilikuwa imekasirika. Kila mlango unagonga, kila kamba ya nguo inapiga kelele. Mlango wa Remedios ulikuwa umefungwa. Nikagonga, lakini katika mji mzima unaogonga nani atasikia mkono wangu? Nikatazama kushoto na kulia. Hakuna mtu kichochoroni. Nikasema, "Hodi."

Kimya. Upepo tu.

Nikapiga ya pili. Kimya. Na hapo, Mama Rukia, nikaanza kuona nafuu. Nikafikiri: ya tatu, halafu nakwenda zangu, desturi yenyewe imeniruhusu. Namwachia halua mpwa wake, napanda basi. Ya tatu niliisema kwa sauti ndogo, kwa kweli niliisema ndani ya kola ya koti.

Ikatoka juu kabisa, kule paani, alikokuwa anaanua nguo. "Karrribu."

Halafu tena, kwenye ngazi ya juu. "Karrribu." Na tena, karibu zaidi, na nasikia fimbo na mguu, fimbo na mguu, na kila kidato anaitikia, hataki mgeni abaki kwenye kimya, kama ulivyomfundisha. Niliegemea ule mlango nikalia. Sikuwa nimejibiwa hodi tangu Februari.

Alifungua, akacheka, akanishika mashavu. Halafu akatazama nyuma ya bega langu. Akatazama chini ya kichochoro. Alidhani umechelewa kupanda. Akangoja, mkono ameukinga machoni kwa sababu ya vumbi. Sentensi yangu yote ya kwenye ndege iliruka. Nikasema jina lako tu, Zuhura, na nikatikisa kichwa. Nilikuwa sijalisema kwa sauti, tangu Rukia azaliwe nimekuita Mama Rukia.

Alielewa. Hakulia mbele yangu. Alinikalisha kwenye kiti chako uani, akapanda zile ngazi tena, na magoti yake hayo, nikamsikia anahangaika kwenye roshani. Aliporudi alikuwa amebeba kibao. Kamba zimeoza, upande mmoja jua limekula maandishi yote. Akakiweka mapajani mwangu, akasema polepole ili nielewe, "Ya no se vende." Hakiuzwi tena. Nilikwenda kukataa kasa, na nikashindwa kusema neno, kwa Kihispania na kwa lugha nyingine yoyote.

Basi nimemnunua. Hiyo ndiyo habari. Tuliandikishana mwezi wa Mei, mkalimani akisoma na mimi nikiitikia kwa kichwa. Remedios yuko nyumba ya mkabala, dirisha lake linatazama mlango wetu, na hakuna linalompita.

Rukia alikuja nami mwezi wa Julai kunisaidia kusafisha. Kasha lako tulilipeleka lote, na pale uwanja wa ndege walimtoa mbuzi wako wakamweka mezani, maofisa watatu wamemzunguka, na mwanao ikambidi amkalie na kuwaonyesha nazi inavyokunwa, bila nazi. Nilicheka mara ya kwanza tangu uondoke. Nikaona haya, halafu nikaacha kuona haya.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kununua mkate. Niliporudi mikono imejaa, mlango uko wazi, nikasema hodi bila kufikiri. Kutoka dirisha la mkabala, "Karrribu." Na wakati huohuo kutoka juu, paani, sauti nyingine, sauti yako kabisa ulipokuwa msichana: "Karibu, Baba." Baba, wala si Dad. Wakajibizana kwa kicheko, huyu dirishani na yule paani, na mimi katikati ya kichochoro na mkate wangu, nimejibiwa na nyumba mbili.

Mwezi ujao naacha kazi ya basi. Miezi ya baridi nitakuwa kule, kiangazi nitarudi hapa. Lililonizuia muda wote ni wewe, kukuacha peke yako kwenye udongo huu wenye unyevu, lakini Rukia ameahidi atakuja kila Ijumaa kukusomea, na akisahau nitamfokea kwa simu. Kibao nimekitundika hapa jikoni juu ya birika. Nimeanza tena kupiga hodi hata kwenye flati hii. Hajibu mtu. Nangoja kidogo kwenye mkeka, kwa heshima, halafu naingia.

Nakuahidi mlango ule hautaingiwa kimya maadamu nipo. Atakayepita nitamwitikia, hata awe wa kuuza mablanketi. Nitajifunza kukuna nazi, nitazipata, Remedios amesema ziko Algeciras sokoni. Na jioni nitapanda paani nikutazamie kwetu.

Pumzika sasa, mke wangu. Nakuaga kwa leo tu. Siku yangu nami itafika, nitakuja huko uliko, na sitaingia kimya, unanijua. Nitapiga hodi. Ya kwanza utajifanya hukusikia. Ya pili utakuwa unatafuta mtandio. Nitakungoja, sina haraka. Ila nakuomba, Zuhura, usinifikishe ya tatu.

Mumeo,
Baba Rukia